Nyoka wa Sherlock Holmes hanywi maziwa: dhana potofu kuhusu riwaya za upelelezi za zamani

Ukikaa na watu wanaopenda riwaya za upelelezi hazipiti dakika kumi, lazima mmoja atoe ile kauli, "lakini we, hii haiwezi kutokea kweli". Na mara nyingi yuko sahihi, haiwezi. Mi ugomvi wangu uko kwenye kile anachokiongeza hapohapo, kwamba kwa sababu haiwezi kutokea basi hadithi mbovu, mwandishi mvivu, watu wa zamani walikuwa wanadanganyika kirahisi, alafu sijui riwaya za siku hizi ndo zina ukweli. Hapo dhana potofu zinapanga foleni, na nyingine nilikuwa nazo mwenyewe miaka na miaka kwa hiyo sijifanyi mjuaji.

Angalizo kabla sijaanza: nitafichua mwisho wa hadithi mbili, ya nyoka ya Conan Doyle na ya Paris ya Edgar Allan Poe, zote zimevuka miaka mia na thelathini, kama hujazisoma mpaka leo tusilaumiane. Za Agatha Christie sitaji muuaji hata mmoja.

DHANA: Mwandishi akikosea kitu cha kitaalamu, hadithi imekufa

Ukweli: inategemea kosa limekaa wapi. Chukua "The Speckled Band" ya Arthur Conan Doyle, Mwingereza aliyembuni mpelelezi Sherlock Holmes, ilitoka kwenye jarida la Strand Februari 1892. Daktari mmoja, Grimesby Roylott, aliyewahi kuishi India, anataka kuwamaliza mabinti wa marehemu mkewe kabla hawajaolewa, maana wakiolewa hela inamtoka mkononi. Silaha yake ni nyoka. Anamfungia kwenye sefu, anamwekea maziwa kwenye kisahani, usiku anampitisha kwenye tundu la hewa, nyoka anateremka kwa kamba ya kengele mpaka kitandani kwa binti, na asipouma usiku huo anapigiwa mluzi anapanda kamba ileile anarudi kwa mwenyewe kama kuku anarudi bandani.

Sasa hesabu na mimi. Nyoka hanywi maziwa, najua hata huku kwetu kuna watu wanaapa kabisa kwamba nyoka huja usiku kunyonya ng'ombe, lakini mdomo wake haukuumbwa kunyonya na tumbo lake halijui maziwa ni kitu gani. Masikio ya nje hana, anasikia mitetemo na sauti nzitonzito, sasa mluzi wa mtu kutoka chumba cha pili ndo umfundishe kwenda na kurudi? Aina yenyewe ya nyoka aliyotajwa, wa kinamasi wa India, haijulikani na mtaalamu yeyote wa nyoka. Roylott anaumwa anakufa ndani ya sekunde kumi, Holmes mwenyewe ndo anasema, na hakuna nyoka duniani anayemuua mtu mzima kwa sekunde kumi. Alafu kinachonichekesha kuliko vyote mimi wa Afrika Mashariki, huyu daktari anafuga duma na nyani kwenye eneo lake kule Uingereza na tunaambiwa ni wanyama wa India wameletwa kwa meli. Duma sawa, enzi hizo India walikuwepo. Ila nyani? India wana kima na tumbili wao, nyani ni wa kwetu huku na kipande cha Uarabuni basi.

Rundo lote hilo la makosa, na bado mwaka 1927 Doyle alipochagua hadithi zake za Holmes anazozipenda aliweka hii namba moja. Hakuwa amechanganyikiwa. Ukiisoma unaona kwa nini: kabla ya jibu anakupa vitu vitatu mkononi, kitanda kimepigiliwa sakafuni hakisogei, kamba ya kengele haina kengele, na tundu la hewa halitoki nje bali linatokea chumba cha jirani. Hivyo vitatu ukiviunganisha unapata njia, kitu kimepita hapa kikashuka hapa kikafika kwa mtu aliyelala. Swali la hadithi ni njia, aina ya nyoka sio swali. Kisha kuna ule usiku wenyewe, Holmes na rafiki yake Watson wamekaa gizani hawaruhusiwi hata kupumua kwa nguvu, saa ya kijijini inagonga saa sita, saa saba, saa nane, saa tisa, na wewe msomaji umekaa nao. Nani ana muda wa kuuliza habari za nyani wakati huo?

Kwenye maisha yake aliyoyaandika mwenyewe, kitabu cha 1924, Doyle alikiri kuhusu hadithi yake ya farasi aliyepotea kwamba mambo ya mbio za farasi alikuwa hayajui, na mjuzi mmoja akamwambia kwamba kwa sheria halisi nusu ya wahusika wangekuwa jela na nusu nyingine wamefungiwa wasisogelee mbio maisha. Akasema yeye hajawahi kuwa na wasiwasi na vitu vidogovidogo. Ila usidhani alikuwa hajali kabisa, maana kuna hadithi nyingine ya 1904 ambapo Holmes anaangalia alama za tairi za baiskeli kwenye tope anajua ilikuwa inaelekea wapi, kwa kuangalia tairi la nyuma limepitaje juu ya alama ya tairi la mbele. Wasomaji wakamwandikia wakambishia. Basi mzee akachukua baiskeli yake akaenda kujaribu, akakuta wasomaji wako sahihi, alama zinatoka vilevile uende au urudi. Alafu hapohapo akajitetea, kwamba kwenye ardhi ya vilima tairi linachimba zaidi wakati wa kupanda kuliko wakati wa kushuka kwa hiyo Holmes angejua tu. Ubishi huo, unampenda bure.

Sasa linganisha na Dorothy Sayers, mwandishi Mwingereza wa riwaya za upelelezi. Riwaya yake moja ya 1927 (sitaitaja jina) fumbo lote ni mtu kauawaje bila kuachwa alama yoyote mwilini, na jibu lake ni hewa ikidungwa kwenye mshipa kwa sindano. Madaktari wamelisema sana hili, hewa inayoingia kwenye sindano ya kawaida haitoshi kumuua mtu mzima, inatakiwa nyingi kweli. Na hapo mimi nakwazika, kwa sababu yeye swali lake LILIKUWA "kauawaje", ndo nguzo ya nyumba nzima, na nguzo imeoza. Kwa Doyle ni dirisha limevunjika, nyumba inakalika.

DHANA: Waandishi wa enzi zile sayansi ilikuwa inawapita kushoto

Hii inatoka kwa watu waliosoma kuhusu yule nyoka wakaishia hapo.

Agatha Christie wakati wa vita ya kwanza ya dunia alijitolea hospitalini kwao Torquay, kwanza kuhudumia wagonjwa, baadaye akahamishiwa chumba cha dawa, akasoma akafanya mtihani wa kuandaa dawa akafaulu 1917. Enzi hizo mtu wa dawa sio wa kuchukua boksi kwenye shelfu akakupa, alikuwa anapima na kuchanganya mwenyewe, akikosea desimali moja mgonjwa anakwenda. Riwaya yake ya kwanza iliyotoka 1920, "The Mysterious Affair at Styles", sumu iliyomo ni strikinini na imefafanuliwa kisahihi mpaka jarida la kitaalamu la wafamasia Uingereza likaisifia. Sizani kama kuna sifa aliyoifurahia kuliko hiyo. Kwenye vita ya pili akarudi tena chumba cha dawa, safari hii hospitali ya London, huku vitabu vyake tayari vinasomwa dunia nzima.

Na 1961 aliandika "The Pale Horse" ambamo kuna sumu ya thaliamu, dalili zake kaziweka vizuri, ile nywele kunyonyoka kwa mafungu na mengine. Mwaka 1977 mtoto mdogo kutoka Qatar akaletwa London anaumwa, madaktari wamekuna vichwa, nesi mmoja aliyekuwa anasoma riwaya hiyo siku zilezile akasema jamani mbona huyu mtoto anafanana na watu wa kwenye kitabu changu. Wakapima, thaliamu kweli. Mtoto akatibiwa. Yaani hadithi ya kubuni imefika pale ambapo faili la mgonjwa halijafika.

Kuna pia R. Austin Freeman, daktari aliyewahi kufanya kazi Gold Coast, Ghana ya leo, alimbuni mpelelezi daktari Thorndyke anayetembea na kiboksi cha vifaa vya maabara, na huyu mwandishi alikuwa anafanya majaribio mwenyewe nyumbani kwanza ndipo anaandika. Na Freeman Wills Crofts, injinia wa reli, ukisoma riwaya zake ratiba za treni zinakaa sawa mpaka unachoka. Hapo ndo pazuri pa kuona kitu: Crofts alikuwa sahihi kuliko Doyle kwa mbali sana, na nenda kawaulize watu kumi mtaani nani wanamjua.

Lakini Christie naye alikuwa na ya kwake. 1935 aliandika mauaji ndani ya ndege, kuna bomba la kupulizia mishale ya sumu limehusika, sasa bomba lenyewe la kweli ni refu, huwezi kuliinua kwenye ndege ya abiria watu wakakuangalia tu. Baadaye sana, 1952, akamfanya mhusika wake Ariadne Oliver, ambaye ni mwandishi wa riwaya za upelelezi, alalamike kwamba aliwahi kukosea urefu wa bomba hilo kwenye kitabu na wasomaji hawamwachi apumue. Kajicheka mwenyewe kabla hujamcheka.

Ah, na klorofomu, ile dawa ya usingizi. Kile kitambaa puani mtu anaanguka sekunde tatu. Haipo. Inachukua dakika kadhaa za kuvuta mfululizo na kuna hatari kubwa ya kumuua kabisa. Tusonge.

DHANA: Zile sheria za miaka ya 1920 ziliwekwa ili hadithi zifanane na maisha

Hapana hapana. Watu wanasikia tu kwamba padri Ronald Knox aliandika amri kumi za riwaya za upelelezi 1929, na Mmarekani S. S. Van Dine sheria ishirini 1928, wanadhani lengo lilikuwa uhalisia. Hebu soma amri ya tatu ya Knox: milango na njia za siri, isizidi moja. Moja unaruhusiwa! Mtu anayetafuta uhalisia angesema njia za siri hazipo ndugu zangu, nyumba gani ya kweli ina mlango nyuma ya kabati la vitabu. Knox yeye shida yake ni kwamba zikiwa mbili msomaji ameonewa. Sumu isiyojulikana na sayansi, marufuku. Mapacha wasitokee ghafla kama hatukuandaliwa. Rafiki wa mpelelezi, yule Watson, asifiche anachowaza, na akili yake iwe chini kidogo, kidogo sana, ya msomaji wa kawaida.

Hizo ni sheria za mchezo, kama bao. Hakuna anayeuliza kete za bao zinafanana na nini kwenye maisha ya kweli, watu wanauliza umeiba kete au hujaiba.

London ikaanzishwa klabu ya waandishi hawa 1930, Detection Club, mwenyekiti wa kwanza G. K. Chesterton, na mwanachama mpya alikuwa anaapishwa, na wana fuvu la kichwa kabisa kwenye sherehe. Anaapa kwamba wapelelezi wake hawatategemea ufunuo wa Mungu, wala machale ya kike (maneno yao hayo), wala mazingaombwe, wala sadfa. Tena walikuwa wanaapa huku wanacheka, na Knox mwenyewe amri zake alikuwa anatania nusu yake, ila chini ya utani kuna ahadi: nitakudanganya, lakini sitakudhulumu.

Poe alilijua hili kabla hata mchezo haujapata jina. Hadithi yake ya 1841, wanawake wawili wameuawa kikatili Paris, chumba kimefungwa kwa ndani, na muuaji ni orangutani, aina ya sokwe mkubwa wa Asia, kaponyoka na wembe. Ukiambiwa hivyo tu unafunga kitabu. Lakini kabla ya hapo amekuletea mashahidi waliosikia sauti mbili kwenye ngazi, moja Mfaransa, ya pili kila mtu anasema ni mgeni wa nchi fulani, mmoja anasema Mhispania, mmoja Muitaliano, mwingine Mrusi, na ukiangalia kila anayeitaja lugha haifahamu hiyo lugha! Mpaka hapo jibu liko mbele yako, sauti ambayo hakuna binadamu aliyeielewa labda haikuwa ya binadamu. Mnyama mwenyewe haaminiki, ushahidi wake ni safi kabisa.

DHANA: Kisiwa, treni, jumba la kitajiri, yote mapambo ya kizamani

Nilikuwa naamini hivi. Nikidhani ni Waingereza tu wanapenda kuandika matajiri wao.

Kuna ule msemo wa Holmes, kwamba ukishaondoa yote yasiyowezekana, kinachobaki hata kiwe cha ajabu namna gani ndo ukweli. Msemo mtamu na kwenye maisha ya kawaida haufanyi kazi hata kidogo, jaribu uone. Mtu kaibiwa simu Kariakoo, ondoa wasiowezekana. Utamaliza lini? Orodha ya yanayowezekana haina mwisho, na lile la kweli inawezekana hata hukuliwazia. Ili msemo wa Holmes ufanye kazi lazima kwanza mtu aifunge orodha. Na hiyo ndo kazi ya kisiwa. Watu kumi, hakuna mtumbwi, hakuna anayeingia wala kutoka, sasa ndo unaweza kuhesabu kwa vidole. Theluji kwenye treni, daraja lililokatika, mlango uliofungwa kwa ndani, vyote ni vyombo vya hesabu, mapambo yamekuja baadaye.

Na sio kwamba vyote vya kufikirika. Ile treni ya Orient Express iliyokwama kwenye theluji kwenye riwaya ya Christie ya 1934, treni yenyewe kweli ilikwama kwenye theluji Uturuki 1929, siku kadhaa abiria wamo ndani, na Christie naye 1931 alikwamia humohumo mvua ilipoharibu njia. Kwa hiyo theluji ni ya kweli, ugumu wa kuamini uko kwenye jibu la fumbo, na jibu siligusi, nimeahidi.

John Dickson Carr, bingwa wa vyumba vilivyofungwa, kwenye "The Hollow Man" ya 1935 alifanya kitu ambacho ningekuwa mhariri ningekikata nikajuta baadaye. Kitabu kikikaribia mwisho anasimamisha kila kitu, mpelelezi wake Dk. Fell anatoa mhadhara mzima kuhusu namna za kuua mtu ndani ya chumba kilichofungwa, na anasema waziwazi, sisi tumo ndani ya riwaya ya upelelezi tusijidai hatumo. Na anauliza, hivi kulaumu riwaya hizi kwa kuwa haziaminiki ina maana gani, wakati sehemu kubwa ya kuzipenda kwetu ni kupenda visivyoaminika?

DHANA: Holmes hakosei

Anakosea. Mwanamke mmoja, Irene Adler, alimpiga chenga kwenye hadithi ya 1891, na kuna kesi ya 1893 alikosea tangu nadharia ya kwanza mpaka akamwomba Watson siku nyingine akimwona anajiona sana amnong'oneze jina la kile kijiji, Norbury. Nimeiweka hapa kwa sababu ni ufundi uleule: shujaa asiyekosea haaminiki, ukimkosesha mara mbili tatu kati ya hadithi sitini, hizo nyingine zote anaaminika bure.

DHANA: Wamarekani ndo wakaja kuleta ukweli

Hii inatokana na makala moja maarufu ya mwandishi Mmarekani Raymond Chandler, Desemba 1944 kwenye jarida la Atlantic Monthly. Alimshika A. A. Milne, yule wa Winnie-the-Pooh, ambaye aliandika riwaya moja ya upelelezi 1922, akaipasua kipande kipande kama bucha. Hoja zake za msingi zilikuwa nzuri, kwamba maiti haikutambuliwa ipasavyo, polisi hawakufanya kazi ya kawaida ambayo polisi yeyote angeifanya, na kitu chote kinasimama kwa sababu hakuna aliyeuliza maswali ya lazima. Kisha akamsifu mwandishi mwenzake Dashiell Hammett, aliyewahi kuwa mpelelezi wa kulipwa kweli, kwamba ameyarudisha mauaji kwa watu wanaoua kwa sababu zao, sio wanaoua ili kuwe na maiti.

Nakubali kabisa hapo kwenye sababu. Lugha pia, mitaa pia, polisi wanaokula rushwa, yote yana harufu ya mahali halisi. Ila sasa tumgeukie Chandler na kipimo chake mwenyewe. Riwaya yake ya 1939, "The Big Sleep", kuna dereva anakutwa amekufa ndani ya gari majini. Walipokuwa wanatengeneza filamu yake, iliyotoka 1946, wakamuuliza mwandishi, huyu dereva kauawa na nani? Chandler akajibu hata yeye hajui. Mwandishi! Na ndo yeyeyule aliyemsulubu Milne kwa fumbo lisilokaa sawa.

Alafu vichwa vyao. Wapelelezi wa aina hii wanapigwa rungu la kisogoni wanazimia nusu saa, wanaamka, wanakunywa wiski, wanaendelea na kesi, na sura tatu mbele wanapigwa tena. Mtu aliyezimia nusu saa kwa kupigwa kichwani ni mgonjwa wa wodini, ubongo umeumia. Ukiniuliza kati ya nyoka wa maziwa na kichwa hiki kipi hakiaminiki zaidi, nachelewa kujibu.

Chandler alitoa pia ushauri kwamba ukikwama, mlete mtu mlangoni ameshika bastola. Huo ni ushauri wa msimulizi, hauna uhusiano wowote na ukweli wa polisi, na ni ushauri mzuri.

DHANA: Hizi hadithi ni za Waingereza, kwetu hazikai

Zimekaa tangu zamani. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar aliandika "Mzimu wa Watu wa Kale", ikashinda shindano la uandishi mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuchapwa 1960, ndani yumo Bwana Msa na kiko chake mdomoni na rafiki yake Najum, Holmes na Watson wamevaa kanzu mtu wangu. Lakini angalia alichobadilisha. Wale wa London waliapa kutotumia mazingaombwe kwa utani, maana kwao mzuka ni pambo, hakuna msomaji anayeamini mzuka utakutwa na hatia. Kwenye mzimu wa Bwana Msa watu wazima wenye akili zao wanaamini kesi imeshakwisha, mzimu umeua, mambo ya mzimu hayachunguzwi. Kwa hiyo Bwana Msa kabla hajatafuta muuaji inabidi kwanza awashawishi watu kwamba kuna muuaji wa kutafutwa! Hilo Holmes alilibeba mara chache sana. Na jibu la kibinadamu, ambalo kwa Doyle ndo la kawaida, kwenye kitabu cha Abdulla ndo linakuwa jibu gumu kuaminika. Kuaminika kunahama na mahali, na nadhani watu wanaopima riwaya kwa "inawezekana au haiwezekani" hawajawahi kujiuliza inawezekana kwa nani.

DHANA: Kama imetokea kweli, itaaminika

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alishalisema kitambo, kwamba mtunzi bora achukue lisilowezekana lakini linaloaminika kuliko linalowezekana lakini haliaminiki. Na alimsifu mshairi Homer kwa kuwafundisha wenzake kusema uongo inavyotakiwa. Sayers alilibeba hili kwenye mhadhara wake Oxford 1935, akasema mzee Aristotle alikuwa anatamani riwaya ya upelelezi ila kazaliwa mapema. Sisi tunalijua kwa bibi zetu: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Uongo umekaribishwa mlangoni kabisa kwa jina lake, aliyekaa mkekani amekubali, sharti ni moja tu limebaki na ni utamu.

Sasa chukua kilichotokea kweli. Liverpool, Jumatatu tarehe 19 Januari 1931. William Herbert Wallace, wakala wa bima, miaka zaidi ya hamsini, mpole, anakwenda kwenye klabu yake ya chesi jioni. Kabla hajafika imepigwa simu, mtu anajiita Qualtrough anaomba Wallace afike kwake kesho saa moja na nusu usiku, 25 Menlove Gardens East, kuna biashara. Kesho yake Wallace anapanda tramu anakwenda. Kuna Menlove Gardens ya kaskazini, ya kusini, ya magharibi. Ya mashariki haipo. Anazunguka, anauliza watu, anamuuliza mpaka polisi. Anarudi nyumbani, mkewe Julia ameuawa sebuleni kwa kupigwa kichwani, koti la mvua la Wallace liko chini ya mwili. Simu ilipofuatiliwa imetoka kwenye kibanda kilicho umbali wa kutembea dakika chache tu kutoka nyumbani kwa Wallace mwenyewe.

Polisi wakasema ni yeye, kajipigia mwenyewe. Sawa, lakini damu ilitapakaa chumba kizima na yeye hakukutwa nayo, ikabidi upande wa mashtaka udokeze kwamba labda aliua akiwa uchi kavaa koti la mvua tu. Andika hiyo kwenye riwaya uone mhariri atakuandikia nini pembeni. Mahakama ikamtia hatiani Aprili, akahukumiwa kunyongwa, mwezi Mei mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu kwa kuwa ushahidi hautoshi. Akafa 1933 kwa maradhi. Sayers aliiandikia kesi hii uchambuzi mrefu, na Chandler, yuleyule mtu wa uhalisia, akaiita mauaji yasiyowezekana, maana Wallace hakuweza kuyafanya na mtu mwingine yeyote naye hakuweza.

Na unajua kesi nzima ilining'inia wapi? Kwa kijana wa maziwa. Alifika mlangoni jioni ile, Julia akapokea maziwa akiwa mzima, na swali lililobaki ni ilikuwa saa kumi na mbili na nusu au saa kumi na mbili na dakika arobaini na kitu, kwa sababu saa moja na dakika chache Wallace alishaonekana kwenye tramu ya pili mbali huko. Dakika kumi hizo watu wamezipima kwa miguu yao wenyewe mara ngapi sijui, wametembea, wamekimbia, wamepanda na kushuka, na mpaka leo hakuna aliyethibitisha nani alikuwa Qualtrough.